Kulima uyoga wa mabua ya mpunga kwenye tuta la nje

Watu wengi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa wanaotaka kulima uyoga huanza na mamama (uyoga wa oyster), kisha nguvu zao zote huishia kupambana na joto: kumwagia sakafu maji, kutundika magunia mabichi, kutafuta chumba chenye giza na baridi. Upo uyoga mwingine unaolitaka joto hilohilo. Kitaalamu huitwa Volvariella volvacea, na huota kwenye mabua ya mpunga. Wachina wa Guangdong wameulima kwa takriban miaka 200, na leo hulimwa pia Ufilipino, Vietnam, Thailand, Indonesia na India, mara nyingi nje kabisa, chini ya mti. Hauhitaji banda wala chumba cha giza. Tangu kupanda mbegu hadi kuvuna mara ya kwanza ni siku 12 hadi 15.

Hesabu za mwongozo huu ni za tuta moja la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 40 hivi. Anza na tuta moja au mawili. Tuta dogo kuliko hilo halihifadhi joto, na bila joto la ndani uyoga huu hauoti.

Wapi na lini

Joto la mchana linatakiwa lifike nyuzi 28 au zaidi, na la usiku lisishuke sana chini ya 22. Pwani yote ya Afrika Mashariki inafaa, pamoja na mabonde ya mpunga yenye joto kama Kilombero, Kyela na Cheju. Aliyeko Lushoto, Njombe au Limuru abaki na mamama, kwani huko usiku mmoja wa baridi unatosha kuua utando wote, yaani nyuzi za uyoga zinazotambaa ndani ya mabua. Hata pwani, matuta ya Juni hadi Agosti huchelewa na huzaa kidogo. Miezi ya Oktoba hadi Machi ndiyo bora. Wakati wa masika lazima uwe na paa la makuti au turubai, maana mvua ya saa moja juu ya vitumba (uyoga mchanga) huozesha zao zima.

Mbegu

Mbegu ya uyoga ni utando uliooteshwa maabara juu ya nafaka au mabua, na huuzwa kwenye chupa au mifuko. Maabara nyingi hushughulika zaidi na mamama, kwa hiyo agiza wiki 3 au 4 kabla na utaje jina la kitaalamu, usije ukaletewa mbegu nyingine. Kwa tuta moja unahitaji gramu 600.

Utando wa uyoga huu ni mwembamba, wa kijivu cheupe, unapitisha mwanga. Usitarajie weupe mzito wa mamama. Mbegu iliyokomaa huwa na mabaka ya rangi ya kutu yenye wekundu. Hizo ni chembe za akiba za uyoga wenyewe, ni dalili ya afya, na wapo wanaoitupa mbegu nzuri kwa kudhani imeharibika. Mbegu mbovu ni ile yenye kijani, nyeusi, majimaji ya njano chini ya chupa au harufu ya uchachu.

Usiiweke kwenye friji. Hili linawashinda hata wakulima wazoefu wa mamama, ambao wamezoea kuhifadhi mbegu kwenye baridi. Utando wa Volvariella hufa kwenye nyuzi 4. Iache kivulini ndani ya nyumba, uisafirishe bila barafu na bila jua la moja kwa moja, na uipande ndani ya wiki 2 hadi 3 tangu ilipojaza chupa. Mbegu iliyozeeka huota polepole, na kwenye tuta la nje anayechelewa hunyang'anywa nafasi na ukungu wa kijani.

Mabua

Tafuta mabua ya msimu huu, ya rangi ya dhahabu, makavu, yasiyonyeshewa. Mabua ya kijivu yaliyolala shambani miezi kadhaa tayari yana ukungu wake. Uliza pia shamba lilipuliziwa nini na lini. Dawa ya ukungu iliyopigwa karibu na mavuno inaweza kuua mbegu yako pia, na uyoga hufyonza kemikali kwa urahisi na kuzifikisha mezani.

Mabua ya mpunga uliokatwa kwa mundu na kupigwa kwa mkono ndiyo rahisi kufunga. Yaliyopita kwenye mashine kubwa ya kuvunia hutoka yamepondeka. Hayo usiyafunge, yashindilie ndani ya kasha la mbao lisilo na kitako lenye vipimo vya tuta, kisha inua kasha. Majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia kwenye shina, nayo yanafaa, peke yake au yakichanganywa nusu kwa nusu na mabua.

Kwa tuta moja andaa kilo 28 za mabua makavu. Yafunge vitita 40 vya gramu 700 kila kimoja, vyenye unene wa sentimita 10 hivi, kwa kamba ya mkonge au ya mgomba sehemu mbili. Kata ncha ili kila kitita kiwe na urefu wa sentimita 45. Usivunje kipimo hiki kwa haraka haraka: vitita vya urefu tofauti huacha mapengo pembeni, na pembeni ndiko uyoga unakotokea.

Kulowesha

Weka maji safi kwenye pipa la lita 200, changanya gramu 200 za chokaa iliyozimwa kwa kila lita 100, kisha zamisha vitita na uvikandamize kwa mawe visielee. Pipa moja halitoshi vitita vyote kwa mara moja, kwa hiyo tumia mapipa mawili au shimo lililotandikwa nailoni. Viache saa 12, yaani usiku mmoja. Chokaa hupunguza vijidudu na kuyaondolea mabua tindikali ambayo ukungu wa kijani huipenda. Mwenye kuni za kutosha anaweza, badala ya chokaa, kuyatia mabua kwenye maji ya nyuzi 80 kwa saa moja. Kazi ni kubwa zaidi ila wavamizi hupungua sana.

Baada ya hapo visimamishe vitita kwenye kichanja chenye mteremko hadi maji yaache kudondoka, saa 4 hadi 8. Kipimo cha uhakika ni mizani. Kitita kilichokuwa gramu 700 kikiwa kikavu kinapaswa sasa kuwa na kilo 2.0 hadi 2.3. Kikizidi 2.5 bado kina maji mengi. Kikiwa chini ya 1.9 kirudishe pipani. Bila mizani, chukua mabua ya katikati ya kitita uyasokote kwa nguvu: yatoe tone moja au mawili, yasitiririshe. Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu unyevu ndio unaoamua joto. Tuta lililojaa maji halipati hewa, halipandi joto, na hunuka. Lililokauka nalo hubaki baridi.

Mahali pa tuta na kitako chake

Chagua kivuli kizito chini ya mwembe, migomba au banda la makuti, mahali pasipopigwa na upepo wa moja kwa moja, mbali na banda la kuku, jalala na choo. Kivuli kisiwe giza. Unapaswa kuweza kusoma gazeti hapo mchana.

Inua kitako cha udongo uliokandamizwa kwa sentimita 15, chimba mfereji wa maji kuzunguka, kisha kimwagie maji yanayochemka. Mahali penye mchwa, na pwani mahali kama hapo ni pengi, tuta lisikae kwenye udongo. Panga matofali tabaka mbili, juu yake fito au mbao, na uhakikishe hakuna bua linalogusa ardhi. Mchwa wakishaingia ndani hakuna dawa ya kutumia bila kuutia uyoga sumu, na mabua ya kilo 28 wanaweza kuyamaliza kabla hujavuna.

Kupanga na kupanda mbegu

Fanya kazi hii asubuhi au jioni, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Toa mbegu kwenye chupa wakati huohuo unapohitaji, na uimegemege kwa vidole hadi vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Igawe mafungu manne ya gramu 150. Andaa pia gramu 600 za pumba laini za mpunga au unga wa dengu, nazo mafungu manne.

Panga vitita 10 ubavu kwa ubavu, vitako (ncha za upande wa mashina) vyote upande mmoja. Hilo ni tabaka la kwanza. Weka vipande vya mbegu kuzunguka ukingo, sentimita 5 hadi 8 kutoka nje, na nafasi ya sentimita 12 hadi 15 kati ya kipande na kipande. Vitatoka kama 18. Nyunyiza fungu moja la pumba juu ya mbegu hizo, si kwingine. Katikati ya tuta usiweke kitu, kwa sababu huko joto huwa kali na hewa ni chache.

Tabaka la pili hupangwa vitako vikielekea upande wa pili, ili tuta lisiinamie upande mmoja. Mbegu na pumba ni vilevile, kisha tabaka la tatu. Baada ya tabaka la nne, fungu la mwisho la mbegu litawanye juu kote, pamoja na pumba zake, na ulifunike kwa mabua malegevu yaliyoloweshwa, unene wa sentimita 5. Kisha weka ubao juu na ukanyage pole pole hadi tuta liwe gumu. Tuta legevu lina mifuko ya hewa inayokausha utando.

Usiongeze pumba kwa kudhani utaongeza mavuno. Pumba zikizidi, tuta huchacha, hunuka mkojo, na kinachoota ni uyoga wa wino, mvamizi anayeelezwa huko chini.

Funika tuta zima kwa nailoni safi hadi chini, ukizuia kingo kwa mawe.

Siku kumi za kwanza

Ukiwa na kipimajoto cha kuchoma, kiingize sentimita 15 ubavuni mara mbili kwa siku. Siku ya 2 hadi ya 4 joto la ndani litapanda hadi nyuzi 35 au 38. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Likipita 40, funua ncha mbili za nailoni nusu saa mchana na umwagie maji ardhi ya pembeni, si tuta. Likikaribia 45 utando unakufa. Likibaki chini ya 30 hadi siku ya 3, mabua yana kasoro ya unyevu au hayakushindiliwa. Chomoa bua moja la ndani ulisokote ujue ni ipi.

Siku ya 5 vuta bua moja la ukingoni, karibu na mahali ulipoweka mbegu. Utaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zikitambaa kwenye bua. Usipoona kitu, subiri siku moja zaidi kabla ya kukata tamaa.

Siku ya 7 au 8 ondoa nailoni kwenye mabua. Nyunyiza maji mepesi kwa bomba la mgongoni ambalo halijawahi kubeba dawa ya wadudu, kisha pinda fito juu ya tuta na urudishe nailoni juu ya fito, isiguse mabua. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku mmoja kwanza. Kuanzia hapo fungua nailoni nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Hewa na mwanga wa kivulini ndivyo vinavyouamsha utando kuzaa. Tuta lililoachwa limefungwa gizani litabaki na utando tu.

Kati ya siku ya 9 na ya 12 vitumba vitajitokeza ubavuni, vyeupe, vidogo mithili ya punje za ulezi. Tangu hapo usinyunyizie tuta maji moja kwa moja. Tone likikaa juu ya kitumba, kesho yake kitakuwa cha kahawia na laini. Lowesha ardhi na mfereji, na siku za upepo tundika gunia bichi juu ya fito. Usivipapase wala kusogeza mabua, maana kitumba kilichotingishwa hufa.

Kuvuna

Kitumba hukua haraka mno. Ndani ya siku 3 hadi 5 hufikia hatua ya yai: kimo cha sentimita 3 hadi 4, kigumu, juu kijivu au kahawia, chini kimepauka, kikiwa bado ndani ya ngozi yake. Hapo ndipo pa kuvuna. Kilele kikianza kuchongoka, ngozi iko karibu kupasuka, na kwenye joto la nyuzi 30 zinabaki saa chache tu. Kwa hiyo vuna mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Uliofunguka bado unalika, lakini ni mlaini na hushuka bei.

Shika mabua kwa mkono mmoja, kwa mwingine uzungushe uyoga hadi uachie. Usikate kwa kisu ukaacha kisiki, kwani kisiki huoza na kuita inzi. Ukiota kwa kishada na mingi imekomaa, toa kishada chote.

Mavuno ya kwanza hudumu siku 3 au 4 na hubeba sehemu kubwa ya zao. Yakiisha, nyunyiza tuta kidogo, funika siku 3, kisha endelea kufungua kama mwanzo. Mavuno ya pili, madogo, huja baada ya siku 5 hadi 8. Baada ya hapo tuta limekwisha. Tarajia kilo 3 hadi 4 kwa tuta lililokwenda vizuri, na 2 kwa la kwanza. Ni kidogo ukilinganisha na mamama kwa uzito uleule wa mabua, na ni haki mtu ajue hilo kabla hajakodi shamba. Faida yake iko kwenye muda mfupi na kwenye kutojenga banda.

Yanayoharibika, na kwa nini

Uyoga wa wino una vikonyo virefu vyembamba, na kofia zake huyeyuka kuwa maji meusi. Huota siku ya 5 hadi ya 8, na maana yake ni maji au pumba nyingi kupita kiasi, au mabua ya zamani. Ung'oe kabla haujayeyuka, ongeza hewa, na uyoga wako unaweza bado kutokea.

Ukungu wa kijani hutokana na mbegu dhaifu, mabua machafu au tuta lililobaki baridi. Doa la kiganja litoe pamoja na mabua yake, upake chokaa mahali hapo. Ukienea robo ya tuta, libomoe na ulipeleke mbali.

Utando mweupe mnene wenye punje za kahawia za ukubwa wa haradali ni ugonjwa wa kuvu ya udongoni. Hupanda kutoka chini, hasa tuta likikaa juu ya ardhi ambayo haikumwagiwa maji ya moto. Mahali hapo pahame kabisa.

Panya hufukua mbegu ya nafaka usiku wa kwanza, kuku huchakura, konokono hula vitumba. Wavu wa kuku kuzunguka tuta na majivu makavu nje ya mfereji hutosha kwa wengi wao. Dawa ya wadudu isipulizwe juu ya tuta wala karibu nalo, siku yoyote ile.

Uyoga usio wako

Tuta la nje liko wazi kwa mbegu za uyoga wa porini, na hapa uangalifu ni suala la uhai. Uyoga wa sumu wa jamii ya Amanita nao huanza na umbo la yai. Mwaka 2012 huko Canberra, Australia, watu wawili walikufa baada ya kula aina mojawapo ya hao waliodhaniwa kuwa uyoga wa mabua.

Uache uyoga mmoja wa kila kishada cha kwanza ufunguke. Wa kwako huota kwenye bua lenyewe, una mfuko chini ya kikonyo, hauna pete kikonyoni, na mapezi chini ya kofia huanza meupe kisha huwa ya waridi. Weka kofia juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja: unga utakaodondoka uwe wa waridi. Unga mweupe, kijani au mweusi, au pete kwenye kikonyo, ni sababu ya kutupa. Ulioota ardhini pembeni ya tuta usile hata ukifanana. Sumu ya Amanita haiondoki kwa kupika wala kukausha, na dalili huchelewa saa 6 hadi 24, wakati ini limeshaanza kuharibika. Mwenye kutapika na kuhara baada ya kula uyoga apelekwe hospitali bila kusubiri, pamoja na mabaki ya uyoga huo.

Baada ya kuvuna

Uyoga huu nao hauendi kwenye friji: kwenye nyuzi 4 hubadilika rangi na kutoa maji. Kwenye nyuzi 10 hadi 15 hukaa siku 2 au 3. Nje ya hapo, uza au pika siku hiyohiyo. Ubebe kwenye kikapu kinachopitisha hewa, si mfuko wa plastiki. Unaobaki pasua katikati, uchemshe dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya chumvi, au ukaushe juani juu ya wavu uliofunikwa chandarua hadi ukatike kwa mlio. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Jikoni huiva haraka. Ukitiwa kwenye tui zito mwishoni, dakika 10 zinatosha.

Mabua yaliyotumika yatandike kwenye mchicha au chini ya migomba. Tuta jipya lisijengwe juu ya kitako kilekile hadi kikauke juani wiki 2 na kimwagiwe tena maji ya moto.